Kicheko Kisicho na Mwenyewe

Faili lilipofunguka na nikasikia jembe likigonga changarawe, nilijua ni kaburi gani kabla mtu hajasema neno. Lilikuwa la baba yangu. Siku tatu nyuma nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, viatu vimejaa udongo mwekundu. Sasa nimekaa meza namba saba, Idara ya Usikivu, visikizio masikioni, kazi yangu kuusikiliza msiba wangu mwenyewe.

Nikasema moyoni, Kalunde binti Mihambo, leo umepatikana.

Ngoja nieleze kazi yetu, maana najua watu walikuwa wanatusema vibaya, na walikuwa na haki. Kila mlango wa Kanda ya Nne una Sikio, kidude kidogo kama kifuniko cha soda. Kila soko lina masikio sita. Makaburini lipo moja tu, juu ya nguzo, kwa sababu wakubwa waliamini watu wanaolia hawana la kusema. Kila kinachosikika kinakwenda kwenye Mzani. Mzani ni mashine, unapima sentensi kuanzia moja hadi kumi, na ikifika saba inaletwa kwa mtu.

Kwa nini mtu? Kwa sababu Mzani ulifundishwa kwa hotuba na magazeti. Mwaka wa kwanza ulimkamata mwanamke aliyemwambia mwanawe "leo nakuua" kwa kumwaga maziwa. Ukakamata harusi nzima kwa sababu ya taarabu. Ndipo wakatuajiri sisi wafasili, kumi na wawili chumba kimoja, tuuambie Mzani wanadamu wanazungumzaje. Kutwa tulikuwa tunarudia kwa midomo yetu maneno ya watu wengine, tukiyaonja. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi sauti zetu zilifutwa kwenye daftari la sauti, la sivyo Mzani ungetukamata wote kabla ya saa nne asubuhi. Mtu mwingine yeyote akikohoa, Mzani unajua ni nani. Mfasili akiongea, Mzani unasikia sauti isiyo na mwenyewe.

Nilijivunia jambo hilo, nakiri. Nilikuwa naona nimesalimika.

Sasa faili. Niliongeza sauti. Nikasikia watu wanapenga kamasi, wanakohoa, mwanamke anaimba kwa chinichini. Halafu nikasikia miguu inaruka na kutua shimoni, puu! Na sauti ya Kondo Mindu ikapanda.

"Jamani, hili shimo mbona mmelichimba pana hivi? Mihambo alikuwa mwembamba kama fito! Mnyamwezi huyu hata kufa anataka kufa kitajiri!"

Watu wakacheka. Hapo Mzani haukuwa na neno, ulipima mbili. Kondo ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, ni watani. Mtani kwenye msiba ndiyo kazi yake. Anachimba kaburi, anateka maji, anakamata kuku wa mfiwa bila kuomba, analala kaburini na kukataa kutoka, anamtukana marehemu mpaka wafiwa wasahau kulia. Kondo na baba walitukanana miaka arobaini. Walipokutana barabarani watu walidhani watapigana. Baba alipoanza kuumwa, Kondo ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Sauti ikaendelea: "Au nafasi nyingine mmemwekea Mlezi? Basi mwiteni aje apime kabisa, asije akalalamika miguu imebaki nje!"

Kimya. Hata jembe lilisimama.

Mlezi ndiye anayetutawala. Sina haja ya kueleza zaidi. Jina lake halitajwi ila kwa kumtakia afya, na pale Kondo alikuwa amemlaza kaburini na kumpima miguu.

Halafu, baada ya kile kimya, kicheko kimoja. Cha mwanamke. Kilitoka ghafla, kikapanda juu, kikakatika katikati kama mtu aliyejiziba mdomo. Na baada yake wakacheka wengine, kumi na wanne kwa hesabu ya Mzani, wakacheka mpaka mmoja akaanza kulia.

Kicheko cha kwanza kilikuwa changu.

Kwenye kioo Mzani uliandika hivi: *Sentensi: kumi. Msemaji: Kondo Mindu, fundi pampu, miaka sitini na tisa. Mwenye kicheko cha kwanza:* na hapo pakawa na nafasi tupu inayowakawaka, inanisubiri mimi.

*

Hiyo nafasi tupu niliitengeneza mwenyewe, Mungu anisamehe.

Miaka sita iliyopita watani walikuwa wanakamatwa kila wiki. Kila msiba ulizaa kesi. Nikakaa nikaandika kitabu chembamba, Mwongozo wa Utani, kurasa thelathini, nikieleza nani anamtania nani, wapi, kwa maneno gani. Na nikaandika mstari niliouona ni ngao: *mtani aliye msibani haulizwi alilosema.* Wakubwa waliupenda mwongozo. Wakaufanya sheria. Ila chini ya mstari wangu waliongeza wa kwao: *basi ataulizwa aliyecheka kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyelikubali neno, na asipojulikana, ataulizwa mtani.*

Watu wa zamani waliijua hatari hiyo. Wao waliacha utani bila kuuandika. Mimi msomi nikauandika, nikawapa ufunguo.

Mkaguzi Tweve alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, anavaa sweta hata wakati wa joto.

"Pole tena kwa msiba, Bi Kalunde."

"Ahsante, Mkaguzi. Tumeshapoa."

"Nimekuletea wewe faili hili makusudi. Mwongozo ni wako, msiba ni wako. Hakuna atakayebisha ukishaandika." Akainama kidogo. "Ulikuwepo. Nani alicheka kwanza?"

Nilijua kinachofuata vizuri sana. Kizibo. Kina ukubwa wa punje ya mahindi, kinawekwa kooni kwa sindano, haichukui dakika tano. Koo likitaka kutetema kutoa sauti, kizibo kinatetema kinyume chake, na sauti inafia humo humo. Unafungua mdomo hakuna kitu. Hata kukohoa unakohoa kimya. Kikikaa siku arobaini nyama inakuwa imekishika, hakitoki tena maisha.

Na nilimfikiria mama. Mama yangu, Nyanzala, haoni tangu miaka minane iliyopita. Watu wote kwake ni sauti. Baba amekwenda, zimebaki mbili zinazoingia nyumbani mwake kila siku, yangu jioni na ya Kondo asubuhi. Nikajiambia mama anahitaji sauti ya mwanawe kuliko ya mtani. Nikajiambia Kondo ni mzee, ameshasema ya kutosha duniani. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa ya uoga.

"Sikuona, Mkaguzi," nikasema. "Nilikuwa nalia."

"Bila shaka," akasema Tweve. "Andika basi."

Nikaandika: *hajulikani.* Nikabonyeza.

Waliocheka baadaye walikatiwa maji ya bomba mwezi mzima. Kondo alichukuliwa kesho yake akiwa juu ya pampu ya jirani, mikono ina grisi. Walimuuliza siku mbili nani alicheka kwanza. Nimesoma maelezo yake, nilikuwa na ruhusa ya kuyasoma. Aliniona, jamani. Nilipocheka alikuwa ananitazama usoni kutoka mle shimoni, na alinikonyeza. Lakini kwenye maelezo yake yote mna sentensi moja tu: "Alicheka marehemu, muulizeni yeye."

*

Siku ya kumi na moja baada ya maziko Kondo alikuja tena nyumbani kwetu.

Ilikuwa Jumapili, sikwenda kazini. Nilikuwa namenya mihogo uani, mama amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, fimbo yake imeegemea goti. Kondo akaingia langoni na kofia yake ya siku zote. Shingoni alikuwa na plasta ndogo nyeupe. Alisimama, akafungua mdomo kama anavyofanya kila asubuhi. Kila asubuhi alikuwa akimwambia mama: "Mtumwa wangu, umeamka au umekufa?" Na mama alikuwa akimjibu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mdomo ulichezacheza. Hakikutoka kitu. Akaufunga.

"Kalunde," mama akasema, "nani huyo?"

Kondo alinitazama kwa muda mrefu. Nilitamani aniteme mate. Hakunitemea. Aliweka kidole mdomoni, shhh, kama watu wawili wanaotaka kufanya ujanja. Akanyata mpaka kwa mama, akaichukua fimbo polepole, akaenda kukaa nayo kwenye kigoda kingine upande wa pili wa ua.

Mama akapapasa goti. Akapapasa chini, kushoto, kulia.

"Fimbo yangu iko wapi?"

Akapapasa tena, akatulia, akageuza kichwa kule alikosikia kigoda kinalia.

"Kondo?" akasema. "Kondo, mwizi wewe! Mzaramo mkubwa, unamwibia kipofu!"

Na akacheka. Tangu Sikio litundikwe juu ya mlango wetu, mama alikuwa amelinyima kicheko chake. Kuongea aliongea, kulia alilia, lakini kucheka alisema atachekea peponi. Siku ile alisahau. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Kondo naye mabega yanamruka, mdomo wazi, kimya kabisa, machozi yanamtoka. Mimi niliendelea kumenya mihogo na kisu kikanikata kidole.

Alikuwa anakuja kila asubuhi baada ya hapo. Leo ataficha kiatu, kesho atafunga mtandio wa mama kwenye mguu wa kigoda. Siku moja alimwekea kuku mapajani. Mama hakuuliza hata mara moja kwa nini Kondo haongei siku hizi. Nilidhani hajui. Nilikuwa mjinga.

*

Siku ya thelathini na saba baada ya maziko, saa tatu asubuhi, Mkaguzi Tweve aliniita ofisini kwake na kufunga mlango.

"Mzani umempata," akasema.

"Nani?"

"Mwenye kicheko."

Alibonyeza, nikasikia kicheko changu cha makaburini, kile kinachopanda na kukatika. Akabonyeza tena nikasikia kingine, kinapanda vilevile, kinakatika palepale. "Kondo, mwizi wewe!" Kilikuwa cha mama. Watu walikuwa wakiniambia tangu utotoni kwamba nacheka kama mama yangu, nikawa naona wananisifia.

"Tisini na moja kwa mia," akasema Tweve. "Kicheko chake hakikuwemo daftarini. Sasa kimo. Na siku ya maziko alikuwepo, amekaa kwenye kiti pembeni ya kaburi. Kesho asubuhi gari litamfuata. Kizibo cha Kondo kitatolewa, siku hazijafika arobaini. Sheria ni ya haki, Bi Kalunde. Haiadhibu wawili kwa kosa la mmoja."

"Mama yangu ana miaka sabini na sita," nikasema. "Haoni."

"Anasikia. Na anacheka."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma vipimo vya nguo. Nikamtazama lile sweta lake. Nikafikiria mama asiyeona na asiyeweza kuita. Akianguka uani hawezi kusema nimeanguka. Akiguswa hawezi kuuliza nani. Miaka yote nilikuwa nikidhani kuna mtu mwingine siku zote atakayeingia kwenye ile nafasi tupu badala yangu, na Mzani, kwa ujinga wake, ulikuwa umemwingiza huyo mtu.

"Ni changu," nikasema.

"Nini chako?"

"Kicheko. Siyo cha mama. Mimi ndiye niliyecheka."

Tweve akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Uliniambia ulikuwa unalia."

"Nilikudanganya."

"Binti anayempenda mama yake anaweza kusema hivyo," akasema. "Nitaandika kwamba umejaribu. Itaonekana vizuri. Nenda nyumbani ukapumzike."

Hebu fikiria. Nakiri kosa na mtu ananionea huruma! Nikapiga meza.

"Nipime."

"Sauti yako haimo."

"Ndiyo maana nasema nipime! Niingize kwenye daftari. Chumba kipo hapo."

Chumba cha kupimia ni kidogo kama choo, kuta zimefunikwa magodoro ili sauti isirudi. Ndani kuna kiti, kinasa sauti, na kioo. Tweve alikaa nje ya dirisha na kuandika jina langu. Kwenye kioo pakatokea neno: *Cheka.*

Nikacheka. Ha ha ha, hata mimi nilisikia aibu.

*Kicheko cha kuigiza. Rudia.*

Nikajaribu tena, kwa juu zaidi. *Kicheko cha kuigiza. Rudia.* Nikajaribu kuwakumbuka wachekeshaji, nikakumbuka walivyopotea mmoja mmoja. *Rudia.* Nilikuwa sijacheka tangu siku ya maziko, na kabla ya hapo sikumbuki. Miaka tisa nimewapima wenzangu vicheko vyao, hiki kirefu, hiki kifupi, hiki cha dharau, na sasa natakiwa kimoja tu cha kwangu na sinacho. Kupitia dirishani niliona Tweve anatazama saa. Akainua kalamu. Najua alichotaka kuandika: *ameshindwa.*

Nikafumba macho. Nikarudi makaburini.

Baba amelala kwenye jeneza la mbao nyepesi, Kanda inatoa saizi moja tu, wamelazimika kumkunja magoti. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma siku ile, kwamba mtu mrefu vile azikwe amekunjwa kama nguo. Nimesimama, nataka kupiga kelele na siwezi kwa sababu ya nguzo na Sikio lake. Na yule mzee mwendawazimu amelala shimoni chali, kofia usoni, mikono kifuani, ananyoosha miguu yake mifupi kupima urefu, anasogea, anajinyoosha tena, hafiki. Anafunua kofia jicho moja. Asije akalalamika miguu imebaki nje! Nikamwona Mlezi, yule wa kwenye picha za kila ukuta, na medali zake zote, amesimama ukingoni na viatu mkononi, anasubiri Kondo Mindu fundi pampu amwambie kama atatosha.

Kikanitoka.

Kilipanda, kikafika pale kinapokatika kila mara, na safari hii sikuziba mdomo. Nikacheka mpaka nikateleza kwenye kiti. Nikacheka kwa ajili ya baba na magoti yake. Nilimcheka Tweve na sweta, nikajicheka mwenyewe na Mwongozo wangu wa kurasa thelathini. Nilipofungua macho kwenye kioo paliandikwa: *Kicheko cha kweli. Tisini na tisa kwa mia. Mwenyewe: Kalunde binti Mihambo.*

Kazi ilikuwa imekwisha, walishapata walichotaka. Nikaendelea kucheka. Nilijua ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yangu.

*

Naandika haya kwa mkono, kwenye karatasi, na karatasi haina Sikio.

Siku ya arobaini ya baba walikuja watu kumi tu, wengine waliogopa. Nilifika mchana kutoka kituo cha vizibo, plasta shingoni. Kondo alikuwa langoni. Alikuwa ametolewa kizibo jana yake, na nilipomwona nilipiga magoti mbele yake pale pale, sikuwa na njia nyingine ya kusema. Akaniinua. Alitazama plasta, akatikisa kichwa, akanipisha nipite.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, fimbo imeegemea goti. Nilisimama mbele yake nikafungua mdomo, nimesahau. Mdomo ulichezacheza tu.

"Nani?" akauliza mama.

Mtoto hamtanii mama yake. Hilo limo kwenye Mwongozo, ukurasa wa nne, niliandika mwenyewe. Nikanyoosha mkono nikaichukua fimbo.

Mama akapapasa goti. Akatabasamu. "Kondo, rudisha fimbo yangu, mwizi."

"Si mimi, mtumwa wangu," Kondo akasema kutoka langoni, sauti imekwaruza, ilikuwa haijazoea. "Mimi niko huku."

Tabasamu la mama likasimama. Akanyoosha mikono miwili mbele yake, akanipata bega, akapanda shingoni, vidole vikafika kwenye plasta na kubaki hapo. Ya Kondo hakuwahi kuigusa, ila alijua pa kuitafuta, na nikaelewa kwamba tangu siku ya kwanza alijua Kondo amezibwa.

"Kalunde," akasema.

Nikaiweka fimbo mkononi mwake. Hakuishika.